Mwanafunzi wangu ana mtindio wa ubongo. Mpango wake wa elimu binafsi niuandikeje?

Swali

"Ninafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya kijijini, wilayani Bahi. Darasa langu lina wanafunzi 94. Mmoja wao ni mvulana wa miaka 10 mwenye mtindio wa ubongo. Anatembea kwa kuyumba, mkono wa kulia umekakamaa, mate yanamtoka, na akiongea simwelewi. Analelewa na bibi yake. Mwalimu mkuu amenitaka nimwandikie mpango wa elimu binafsi kabla wathibiti ubora hawajafika. Sikusomea elimu maalumu. Nimepewa fomu ya kurasa tisa pamoja na mpango wa mwaka jana, ambao una lengo moja tu: 'Aweze kusoma na kuandika vizuri.' Fomu inadai ripoti ya daktari na ya mwanasaikolojia, nami sina. Je, nimwandikie mambo ya Darasa la Tatu au nimrudishe kwenye ya awali? Walimu wenzangu wanasema mtoto huyu ni wa kupelekwa shule ya Buigiri. Bibi yake anasema nimwache tu acheze na wenzake. Halafu nimeomba uhamisho. Nikiondoka, mpango huu utakuwa wa nani?"

Jibu

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kuuliza kabla ya kunakili. Fomu kama hiyo mara nyingi hubadilishwa tarehe, ikasainiwa, ikarudi kabatini, na mtoto akamaliza mwaka mwingine bila mtu yeyote kujua anaweza nini.

Maswali yako ni mengi, lakini naona wasiwasi ni mmoja: utaandikaje mpango wa mtoto ambaye hujui kichwani mwake mna nini? Wasiwasi huo ni wa kweli, na dawa yake haimo kwenye fomu. Dawa yake ni kumtazama mtoto kwa utaratibu siku tatu, kisha kuandika ulichokiona. Mpango mzima unasimama juu ya siku hizo tatu, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwenye mambo ya saini na mihuri.

Kwanza tuondoe neno linalotupotosha. Tumezoea kusema "mtindio wa ubongo", na neno hilohilo watu wanalitumia kwa mtoto ambaye misuli yake haimtii na kwa mtoto ambaye akili yake inakwenda taratibu. Hizo ni hali mbili. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote, lakini mwingine ana hiyo ya kwanza peke yake. Ulivyomweleza mwanafunzi wako, tunachokijua mpaka sasa ni cha misuli: mguu, mkono, mdomo. Kuhusu akili yake hujaniambia chochote, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima kwa njia ambayo yeye anaweza kujibia.

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukijeruhiwa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, sehemu inayotuma amri kwenye misuli inaweza kuumia. Labda mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano kali, au alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Jeraha lenyewe haliendelei kukua, ila amri zinafika kwenye misuli zikiwa zimevurugika. Misuli mingine inakaza wakati inapaswa kulegea. Mate yanamtoka kwa sababu kumeza ni kazi ya misuli mingi inayopaswa kwenda pamoja, na yake haiendi pamoja. Mate hayo wala si mengi kuliko yako. Maneno yake hayaeleweki kwa sababu ulimi na midomo navyo ni misuli. Unaweza kuwa na sentensi nzima kichwani, ikatoka mdomoni kama mngurumo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo litakusaidia kila siku: ukimharakisha, anakaza zaidi. Akijua darasa zima linamsubiri, mkono ule unajikunja na sauti inakwama. Kwa hiyo ukimuuliza, kaa kimya, hesabu moyoni mpaka kumi, huku unamtazama usoni kwa upole. Mara nyingi walimu tunasubiri sekunde moja au mbili, kisha tunamwambia jirani yake ajibu.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilimwandikia mpango msichana mmoja mwenye hali kama hii, kwenye shule moja ya mkoa huu. Niliandika kwamba mwaka ule ajifunze kutambua rangi. Wiki kadhaa baadaye, mwenzake alikuwa anasoma kwa sauti, akafika kwenye "mbuzi" akasoma "mbuni". Msichana yule, kule nyuma alikokaa, akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikamwita mwenzake arudie, akakosea tena, naye akatikisa tena. Alikuwa anasoma. Sijui alijifunza lini. Labda kwa kusikiliza na kutazama ubao miaka miwili bila mtu kumuuliza kitu. Mpango wangu wa rangi ulikuwa umempotezea nusu muhula, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kumpima chochote, mkalishe vizuri. Hili watu wengi hulipita, nami naliweka mbele ya yote. Mtazame akiwa kwenye dawati: je, miguu yake inafika chini? Kama inaning'inia, nguvu zake zote na mawazo yake yote yako kwenye kutokuanguka, na mtoto anayeogopa kuanguka hana nafasi ya kufikiria silabi. Tafuta boksi gumu au matofali mawili, uyafunge kwa gunia yasiteleze, uweke chini ya miguu ili magoti yakunjike vizuri na nyayo zikanyage. Nyonga zake ziegemee nyuma kabisa. Meza iwe usawa wa viwiko. Ikiwa juu mno mabega yatapanda na mkono utakaza. Kama anaelemea upande mmoja, kunja kanga kuukuu uiweke ubavuni. Mpe dakika chache atulie. Mara nyingi utaona tofauti usoni kabla hujauliza swali la kwanza.

Kisha kata kadi kwenye boksi la sabuni, kubwa kama kiganja, uandike kwa kalamu nzito. Chagua saa ya asubuhi, hajachoka wala jua halijawa kali, mkae wawili kivulini kwa dakika 20. Weka kadi tatu mbele yake, zikiwa mbalimbali kiasi cha kuonyesha kwa mkono wa kushoto bila kugusa mbili kwa pamoja: baba, bata, bati. Mwambie, "Nionyeshe bata." Subiri. Akionyesha kwa mkono, kwa kidole, au kwa kukazia macho, yote ni majibu. Badilisha nafasi za kadi kila mara, kwa sababu watoto wenye upande mmoja mzito huchagua kadi iliyo karibu na mkono unaofanya kazi. Rudia mara kumi kwa maneno tofauti. Anayebahatisha tu kwenye kadi tatu atapata kama tatu au nne kati ya kumi. Akipata nane au zaidi, na kesho yake akarudia, huyo anasoma, hata kama hajawahi kutamka neno moja ukalielewa.

Nimechagua maneno hayo kwa makusudi. Yote yanaanza na "ba", kwa hiyo mtoto anayekariri herufi ya kwanza tu atakwama, na wewe utajua amekwama wapi. Kama maneno yanamshinda, shuka kwenye silabi: ma, me, mi, mo, mu. Kama silabi zinamshinda, shuka kwenye irabu. Kama maneno mepesi anayamudu, panda kwenye silabi ambatani: mba, nya, ndwe, shwa. Kiswahili kinatupa ngazi nzuri. Panda na kushuka mpaka umkute mtoto aliposimama.

Kwenye hesabu tumia vifuniko vya soda. Panga marundo matatu, mwambie aonyeshe lenye saba. Kisha mwulize la kufikiri kidogo: "Nilikuwa na tisa, nikampa bibi vinne. Rundo lipi ni langu?" Na kusikiliza pia upime. Msomee hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Tatu, umchoree majibu matatu kwa kila swali, naye achague. Choo, uji na mchezo ni vipimo vilevile. Tazama anamjulishaje mwenzake kwamba anataka mpira.

Angalia na lugha. Bahi nyumba nyingi zinaongea Chigogo, na mtoto anayelelewa na bibi huenda Kiswahili chake ni cha shuleni tu. Akishindwa swali kwa Kiswahili, usiandike kwamba hajui mpaka bibi au mwalimu anayejua Chigogo amemuuliza kwa lugha ya nyumbani. Vinginevyo utakuwa umepima Kiswahili, ukaandika akili.

Nadhani baada ya siku tatu swali lako la "Darasa la Tatu au awali?" litakuwa limejijibu lenyewe. Mtoto kama huyu mara nyingi hana darasa moja. Anaweza kusikiliza na kuelewa kama wenzake wa Darasa la Tatu, akasoma silabi kama wa Darasa la Kwanza, na kwa mkono akawa hajaweza hata kufuata mstari. Ukimrudisha chini kwenye yote, unamnyima Sayansi na hadithi anazozielewa kwa sababu tu mkono haushiki kalamu. Ukimwacha kwenye yote ya Darasa la Tatu, silabi zitampita milele. Andika kila eneo na mahali pake. Tena tofautisha mambo mawili ambayo fomu nyingi huyachanganya: kubadilisha njia na kupunguza lengo. Kama wenzake wanaandika sehemu za mmea na yeye anazionyesha kwenye mchoro, lengo limebaki lilelile, njia tu imebadilika. Anza na kubadilisha njia. Lengo lipunguze pale tu ambapo umejaribu njia zaidi ya moja ikashindikana.

Sasa ile sentensi ya mwaka jana, "Aweze kusoma na kuandika vizuri." Kosa lake ni kwamba haiwezi kushindwa wala kufaulu. Hakuna siku utakayosimama useme imetimia, na kwa hiyo hakuna siku mtu atakayejiuliza kwa nini haijatimia. Lengo linalofanya kazi linataja mtoto atafanya nini kinachoonekana kwa macho, kwa msaada gani, kwa kiwango gani, mpaka lini. Kwa mfano: "Kufikia wiki ya mwisho kabla ya likizo ya mwezi wa sita, akiwa amekalishwa na miguu ikikanyaga, akiwekewa kadi tatu za maneno ya silabi mbili, ataonyesha neno linalotajwa kwa mkono wa kushoto, mara 8 kati ya 10, kwa siku tatu mfululizo." Sentensi ndefu, lakini mwalimu yeyote akiisoma anajua afanye nini Jumatatu asubuhi.

Malengo matatu yanamtosha kwa muhula. Ningekuwa wewe, la kwanza lingekuwa mawasiliano, maana mengine yote yanapitia hapo. Chora picha nane kwenye kipande cha boksi: maji, choo, naumwa, sijaelewa, nataka kujibu, ndiyo, hapana, nimechoka. Kifunike kwa nailoni kisilowe mate, ukifunge kwa kamba kwenye dawati lake. Lengo liwe kwamba aanzishe mwenyewe, bila kuulizwa, mara tatu kwa siku. Picha ya "nataka kujibu" usiiache. Mtoto asiyeweza kunyoosha mkono wala kuita "mwalimu, mwalimu" hana namna nyingine ya kuingia kwenye somo. La pili liwe kusoma, kama mfano wangu au pale utakapomkuta. La tatu ningeliacha lichaguliwe na bibi, na huenda likawa kula mwenyewe au kwenda chooni.

Choo usikione kidogo. Kama hakuna mti au bomba la kushikilia, mtoto anayeyumba anaogopa kuchuchumaa, na ili asiende anajizuia kunywa maji. Kwa jua letu la Dodoma, kufika saa sita anaumwa kichwa na amelegea, nasi tunaandika "hana usikivu darasani". Fundi wa kijijini anaweza kuchimbia nguzo mbili na mti wa kushika kwa muda mfupi. Liandike kwenye mpango, pamoja na jina la atakayesimamia na tarehe.

Kuhusu mwandiko niseme kweli. Unaweza kufunga penseli kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli inenepe, ukabana karatasi mezani kwa gundi ya karatasi, ukamjaribu mkono wa kushoto. Jaribu kwa muhula mzima, kwa uvumilivu. Lakini inawezekana kalamu isiwe njia yake hata akikua. Hapo usimfungie elimu yote kwenye mwandiko. Kupanga kadi za silabi kuwa neno ni kuandika vilevile.

Najua unachojiuliza: nitaupata wapi muda, na watoto 94? Huhitaji saa nzima. Wakati darasa linafanya zoezi la daftari, una dakika nne za kwenda kwenye dawati lake na kadi kumi. Weka daftari dogo la mistari lenye tarehe, alama ya vema kwa jibu sahihi na kistari kwa kosa. Basi. Ijumaa unahesabu. Kama wiki tatu zimepita na alama hazijapanda, shida iko kwenye njia au kwenye ukubwa wa hatua. Badilisha kimoja, uandike ulichobadilisha. Wenzake watasaidia pia: wawili wawili, kwa zamu ya wiki, wamshikie kadi na kumsogezea boksi. Zamu ni muhimu, maana mtoto mmoja asigeuzwe yaya wa mwenzake. Na wafundishe jambo moja tu: wasimjibie.

Turudi kwenye fomu na wathibiti ubora. Utaratibu wa kumwandikia kila mwanafunzi mwenye ulemavu mpango wake uliwekwa katika sheria nchini Marekani mwaka 1975. Kule unaandikwa na jopo: mzazi, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa shule, na mtu wa kufafanua matokeo ya vipimo, ambaye mara nyingi ni mwanasaikolojia. Unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Ndipo zinapotoka nafasi nyingi za saini. Wewe jopo lako ni bibi, wewe, mwalimu mkuu, na mwalimu wa elimu maalumu kutoka shule iliyo karibu yenye kitengo cha elimu maalumu, kama yupo. Hilo ni jopo halali na linatosha kuanza. Kwa watoto wetu ningeupitia mpango kila mwisho wa muhula. Mwaka ni mrefu mno.

Nafasi ya daktari usiiache wazi, wala usiijaze kwa kubuni. Andika: "Bado hajapimwa, rufaa imeombwa tarehe fulani, anayefuatilia ni fulani." Hutakiwi kumtaja ugonjwa, na kwa kweli jina la ugonjwa halitakuambia ufundishe nini kesho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu kama wenzake, na kumfundisha hakusubiri karatasi ya hospitali. Kurasa mbili zenye ulichokiona, malengo matatu na daftari lako la alama zibane mbele ya fomu yao. Mthibiti ubora anayejua kazi yake ataanza kulisoma daftari.

Mwakani atakuwa Darasa la Nne, kwenye Upimaji wa Kitaifa. Mkumbushe mwalimu mkuu mapema, wakati wa usajili, aandikishwe kama mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu. Baraza la Mitihani huelekeza watahiniwa hao waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini dakika hizo hazimsaidii mtoto ambaye hajawahi kuzoea kujibu. Mpe muda wa ziada huohuo kwenye majaribio ya kila mwezi kuanzia sasa.

Buigiri. Hili nalisikia kila mara hapa kwetu: mtoto akiwa na ulemavu wowote, "mpeleke Buigiri." Shule ya Buigiri, kule Chamwino, ni ya wasioona, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, tangu 1950. Na nyie Bahi mna ya viziwi pale Kigwe. Mtoto wako si kipofu wala si kiziwi, kwa hiyo hakuna hata moja kati ya hizo iliyo yake. Linaloweza kufikiriwa ni shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu na bweni. Faida yake ni kwamba angepata mwalimu aliyesomea na vifaa, na hilo si dogo. Hasara yake ni kwamba angetengana na mtu pekee anayeelewa sauti zake na anayejua kumlisha asipaliwe. Angeanza upya kuwa mtoto asiyeeleweka, safari hii mbali na nyumbani. Kwa umri wake, na akiwa anafika shuleni kwa miguu yake, ningemwacha hapo na kuutafuta msaada umfuate. Ningebadilisha mawazo kama baada ya mihula miwili ya kazi ya kweli hasogei, au kama bibi nguvu zimemwishia. Katika hali hiyo mwende wote wawili kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, na mkaitembelee hiyo shule kabla ya kukubali. Mwangalie mabweni, na mwulize usiku anakaa nani na watoto.

Bibi naye. Anaposema umwache acheze, usimsikie kama mtu asiyejali. Miaka kumi amembeba mtoto huyu mgongoni, na inawezekana kila mtaalamu aliyemwendea alimwambia mtoto huyu hatakuwa kitu. Nenda nyumbani kwake, usimwite ofisini. Chagua siku ambayo hayuko shambani. Mwezi wa kwanza na wa pili watu wanapalilia uwele na mtama, na mkutano wa saa nne asubuhi hatakuja. Baada ya salamu ya mbukwenyi na habari za nyumbani, usitoe fomu. Muulize: akitaka maji anakwambiaje? Akikasirika? Nani mwingine anamwelewa? Anafanya nini ukimwacha peke yake? Andika kila kitu, kwa sababu hakuna mtaalamu mkoani anayekijua kile anachokijua yeye. Ndipo umwonyeshe kadi, mtoto akiwepo, amwone akionyesha "bata". Nimeshawaona kina bibi wakinyamaza kabisa hapo. Mpango ukikamilika msomee kwa lugha anayoielewa, mbadilishe asiyoyataka, halafu aweke dole gumba.

Yapo mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi, na hayo yapelekwe kwa wataalamu. Akizimika ghafla macho yakimtoka, au akitetemeka upande mmoja, huenda ni kifafa. Kinaandamana mara nyingi na hali hii na kina dawa. Akipaliwa kila anapokula, au akikohoa akinywa maji na kupata vichomi mara kwa mara, chakula kinaingia njia isiyo yake. Akilia maumivu ya nyonga. Na hasa akipoteza alichokuwa anakiweza, kwa mfano alikuwa anatembea sasa hawezi: nimesema jeraha hili haliendelei kukua, kwa hiyo kurudi nyuma ni dalili ya jambo jingine na asisubirishwe. Anzeni kituo cha afya mpate rufaa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, mwombe fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na macho na masikio yapimwe pia. Mtoto huyu anaweza kuwa haonyeshi kadi kwa sababu haioni vizuri. Mazoezi mtakayofundishwa huko hayataliondoa jeraha; atakayewauzia dawa ya kuliondoa, msimpe hela. Yatasaidia viungo visikauke na kujikunja, na hilo ni kubwa vya kutosha.

Mwisho, uhamisho wako. Mpango si wako wala si wa mwalimu mkuu, ni wa mtoto, na unamfuata. Ndiyo maana uandike ili mtu asiyemjua auelewe. Weka nakala moja ofisini, moja kwa bibi, moja dawatini. Na kwenye mistari ya kwanza kabisa, juu ya malengo na juu ya jina la ulemavu, andika anavyoongea. Akisema ndiyo anafanya nini. Akisema hapana anafanya nini. Sauti ipi ni maji, ipi ni choo. Umsubiri kwa muda gani. Mkono upi aonyeshee. Mwalimu atakayekuja baada yako ataingia darasani Jumatatu, na kabla ya kengele ya saa nne atakuwa ameshaongea naye.